Zimeni Kamera

TANGAZO KWA WASHIRIKI WOTE

Mgeni rasmi amewasili ukumbini. Ili kupunguza mzigo wa mtandao, kila mshiriki anaombwa azime kamera yake. Atakayechelewa tutamzimia sisi.

Ahsanteni kwa ushirikiano.


1

Soma tena hilo tangazo, msomaji. Polepole.

Sasa ziba masikio yako, uyazibe kweli, usome mara ya tatu huku ukijua kwamba hayatazibuka leo wala kesho, na kwamba kila neno ulilowahi kumwambia mtu, na kila neno uliloambiwa na mtu, lilipita mikononi.

Umeona ni nini kilichozimwa?


2

Bibi Somoe anakaa Korogwe, nyumba ya tope yenye ua mpana, anamlea mjukuu wake Tunu. Tunu ana miaka tisa na hasikii tangu azaliwe. Mama yake yuko Arusha kwenye kazi za watu.

Shule ya watoto viziwi iko mbali, na nafasi wameambiwa wangoje. Wakangoja. Katika kungoja, wakajitungia lugha yao wawili:

chai — kidole kinazunguka hewani, kama kijiko

mvua — vidole kumi vinashuka

Bibi — mgongo unapindwa (Bibi Somoe alilipinga jina hili, hakusikilizwa)

mama — kiganja kifuani, kisha mkono wa kwaheri

rafiki —

Hawakuwa na alama yake. Hawakuwahi kuihitaji.

Watoto wa jirani si wabaya. Humpa Tunu embe, humwita kwa kumgusa bega, kisha hurudi kwenye mchezo wa kupiga kelele. Tunu hubaki na embe lake.


3

MWALIKO

TUKUTANE, TUJUANE, TUUNGANIKE! Kongamano la Mtandaoni la Walezi wa Watoto Viziwi. Huhitaji kusafiri. Kaa nyumbani, wewe na mtoto wako. Mfumo wetu wa kisasa utakutafutia mtu anayefanana nawe na kukuunganisha naye.

Jina: Somoe Semkiwa

Kazi na cheo: Bibi. Shamba

Matarajio yako: Mtoto apate mtoto mwenzake wa kuongea naye


Simu ilikuwa ya Mama Zaituni, jirani, fundi cherehani. Aliileta mwenyewe, imejaa chaji, skrini imepanguswa kwa kanga.

"Shika, bibi. Bando limo, la wiki."

"Na wateja wako wakikupigia?"

"Watangoja. Nguo haiozi."


4

Haya yalitokea kwa makosa, msomaji, na yalikuwa ndiyo mazuri peke yake.

Mgeni rasmi alichelewa. Waandaaji walikuwa wanahangaika kumtafuta, wakasahau kuwafungia watu kamera. Basi asubuhi ile, kwenye simu ya Mama Zaituni, visanduku vilikuwa wazi vyote. Baba mmoja amempakata mwanawe. Mwanamke anasuka nywele za mtu. Mzee amekaribia mno, anaonekana paji la uso tu.

Na katika kisanduku cha chini, msichana wa rika la Tunu, kichwani kitambaa cha manjano. Jina lililoandikwa pale: *Simu ya Shangazi*.

Msichana akainua mikono miwili akaitikisa.

Tunu akageuka kuangalia nyuma yake. Alidhani anaitwa mtu mwingine.


5

(mikono ya Tunu kushoto, ya msichana kulia, kama ilivyosema)

mimi?

          wewe

mimi!

          nyuma yako pembe — nini — ng'ombe?

mbuzi

pembe moja

          moja?!

nyingine          kaanguka

          mimi kuku

          kuku mkali          huyu hapa kaniuma

onyesha

          (kidonda kidogo karibu na kamera, kikubwa kama mwezi)

pole

pole

pole

Kisha yule msichana akakunja vidole vyake viwili vya shahada, akavinasisha kama kulabu mbili. Akamwonyesha Tunu kidole. Akajionyesha mwenyewe. Akanasisha tena.

Neno hilo Bibi Somoe hakuhitaji kufasiriwa. Alikwenda jikoni kuangalia maharage ambayo hayakuwa na haja ya kuangaliwa, akajipangusa uso, akarudi.

Tunu alikuwa amekwisha kunja vidole vyake. Ameviinua. Anavileta pamoja, ana


6

■          ■          ■

■          ■          ■

■          ■          ■


7

Tunu aligonga kioo kwa ukucha. Akakipangusa. Akaangalia nyuma ya simu.

Akamgeukia bibi yake, na katika alama zote walizojitungia kwa miaka tisa, akachagua ile anayoitumia akivunja kikombe.

*Nimekosa nini?*


8

MAONI YA WASHIRIKI

Somoe S.: Hamjambo wanangu. Fungueni kamera watoto walikuwa wanaongea

Mwendeshaji: Shikamoo bibi. Maswali yatapokelewa mwisho.

Somoe S.: Si swali

Mwendeshaji: Na maoni pia, mwisho.

Somoe S.: Hawa watoto ni viziwi

Mwendeshaji: Ndiyo bibi. Kongamano ni lao.

Somoe S.: Sasa wataongeaje na mmewazima

Mwendeshaji: Mkalimani wa lugha ya alama yupo. Mwangalie kwenye kona ya chini.

Somoe S.: Namuona. Huyo anayasema ya mgeni. Ya watoto anayasema nani

*Mwendeshaji amefunga sehemu ya maoni.*


9

Kutoka katika hotuba ya mgeni rasmi, ukurasa wa tatu:

"…na niwahakikishie, ndugu walezi, kilio chenu tumekisikia. Sisi ndio sauti ya wasio na sauti. (*Makofi.*)"

Alinyamaza kuyasubiri hayo makofi. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yake kwamba yatakuwepo.


10

MFUMO UMEKUPATIA MTU ANAYEFANANA NAWE! MNA DAKIKA TATU.

"Haloo, haloo, Bibi Shamba! Kimambo hapa, wa mbolea. Habari za wilaya?"

"Njema, baba. Wilaya gani?"

"Yako. Wakulima wako msimu huu wanakuzia mazao kwa mbolea gani?"

"Wakulima wangu? Mimi nina matuta ya mihogo hapo nyuma, na samadi ya mbuzi."

"Imeandikwa hapa wewe ni Bibi Shamba. Afisa kilimo."

"Mimi ni bibi. Halafu nina shamba."

"Lo."

"Wewe una mtoto kiziwi?"

"Hapana, bibi. Sisi ni wadhamini."

"Watoto unao lakini?"

"Wawili, namshukuru Mungu."

"Wanaongea?"

"Wale? Wanaongea mpaka usingizini!"

"Basi leo ukifika nyumbani, mmoja akiwa katikati ya neno, mzibe mdomo na kiganja. Mzibe sawasawa. Kisha mwambie, ahsante kwa ushirikiano."

Mahali fulani kwa Bwana Kimambo feni ilikuwa inazunguka.

"Bibi, nisamehe. Mimi nimebonyeza tu nilipoambiwa nibonyeze."

"Najua, baba. Wote mmebo"

MUDA WENU UMEKWISHA. HONGERENI, MMEUNGANISHWA! MPE MWENZAKO NYOTA.

Bibi Somoe alimpa nyota zote. Mtu aliyeomba radhi hanyimwi.


11

(anasema mkalimani)

Naitwa Ezekia. Ndiye mimi wa kwenye kona ya chini, niliyewekwa katika kisanduku cha ukubwa wa kiberiti.

Mama na baba yangu wote ni viziwi. Kwetu umeme ukikatika wakati wa chakula, mazungumzo hukatika papo hapo, na tonge hubaki mkononi mpaka mtu awashe kibatari. Kwa hiyo lile tangazo lilipotoka, mimi nilijua nyumba ngapi zimeingia giza. Waandaaji hawakujua. Ningesema walikuwa na ubaya, ningewasingizia. Hawakuwa na ubaya. Hawakuwa na kiziwi hata mmoja mezani kwao walipokuwa wanapanga, basi. Na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo, maana ubaya angalau humkumbuka mtu.

Kamera zilizobaki wazi zilikuwa mbili. Ya mgeni rasmi, na yangu.

Alipofungua ukurasa wa saba, nikaacha kumtafsiri.

Nikasema: *Watoto. Walezi. Hii ni namba yangu. Nipigieni kwa video, nitawakutanisha.*

Nikaitaja kwa mikono miwili, moja moja, kama wanavyohesabu wauza nyanya, ili hata asiyesoma lugha ya alama aelewe. Sifuri nikafumba ngumi. Nikairudia. Juu yangu mgeni rasmi alikuwa anazungumzia mchakato.

Hakuna aliyegundua. Bwana Fortunatus, mwendeshaji, alinipigia baadaye. Alisema, "Kaka, leo umetafsiri kwa hisia sana."


12

Tunu aliona vidole. Alichomoa kaa la mkaa lililozimika jikoni akaandika ukutani, tarakimu kubwa kubwa, kama alivyofundishwa na bibi yake kwa punje za mahindi.

Kwenye tarakimu ya nane picha iliganda. Iliporudi, mkalimani alikuwa kwenye ya tisa. Na kwenye kurudia, ikaganda pale pale.

Ukutani pakabaki pengo.

"Tutajaribu," alisema Bibi Somoe, kwa mdomo na kwa mikono. Akaanza kulijaza pengo.


"Haloo? Samahani, mwanangu, ndiye mkalimani?"

"Mkali nani? Mama, mimi sijamkalia mtu, na kama ni Rose amekutuma mwambie nitarudi nikipenda."

"Sikujui, baba, wala Rose simjui. Ila rudi."


"Haloo, samahani—"

"Nani? Sema kwa nguvu, niko sokoni!" Nyuma yake wenzake wananadi dagaa.

"Natafuta mkalimani wa viziwi. Namba imeniponyoka moja."

"Siye mimi, mama. Mbona unaongea kinyonge hivyo? Kuna msiba?"

Bibi Somoe akamsimulia. Kwa kifupi, maana bando ni la mtu. Yule mwanamke alisikiliza yote, na muuza dagaa asikilizaye hivyo anapoteza wateja.

"Wamemzima mtoto?"

"Wamemzima."

"Na wakasema ahsante?"

"Wakasema ahsante."

"Hawana haya! Haya, mama. Mimi kwangu hapo ni tatu. Jaribu nne. Na ukimpata nibipu, nilale vizuri."


13

Ikawa nne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwacha mgeni hewani?"

"Ndiye mimi. Unatoka kwa waandaaji?"

"Ningekuwa natoka huko ungenijua, ningekuwa nimekuzima. Natoka Korogwe. Nimekuja kukushukuru, na kuna mtu hapa."

Tunu alichukua simu kwa mikono miwili, akakumbuka kwamba hiyo mikono ndiyo anayoihitaji, akaangaza huku na huku. Bibi Somoe akamshikia. Alishika mpaka mkono ukafa ganzi, na hakuubadilisha, kwa kuogopa picha isitikisike.

Tunu alieleza kitambaa. Manjano alieleza kwa kukimbia jikoni kuleta ndizi.

Ezekia akatikisa kichwa. Familia kadhaa zimepiga. Huyo bado. Huenda picha iliganda na kwake. Huenda huyo shangazi alikuwa mgeni tu pale, amekwisha ondoka na simu yake. Aliwaomba waandaaji orodha, wakamjibu kwamba taarifa za washiriki ni siri.

"Siri," alisema Bibi Somoe.

"Ndivyo walivyosema."

"Walioitwa kujuana."

"Ndiyo, bibi."

"Mungu anisamehe ninalolifikiria."

Ezekia aliahidi kuendelea kutafuta, akipata atatoa namba hii hii. Hapo ndipo Bibi Somoe alipokumbuka kwamba namba hii hii si yake. Akamtazama Mama Zaituni, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na futi ya kupimia shingoni.

Mama Zaituni alikuwa ameshavaa kandambili.

"Ikae huku," alisema. "Wateja nitawaambia miguu yao haijafa, waje nyumbani."


14

TAARIFA FUPI YA KONGAMANO

Mafanikio: Washiriki wote waliunganishwa.

Changamoto: Mtandao.

Mapendekezo: Mwakani kongamano liwe kubwa zaidi.


15

Siku ya kwanza Tunu alinawa uso, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaketi mbele yake.

Siku ya pili alinawa uso.

Siku ya tatu Bibi Somoe alimkuta amelala pale pale mchana kweupe, shavu juu ya meza, na vidole


Vidole viliendelea kusema kitu. Bibi yake hakuvitazama. Maneno ya mtu aliyelala ni ya kwake.


16

UJUMBE KUTOKA KWA WAANDAAJI

Ndugu mshiriki, maoni yako ni muhimu kwetu. Je, uliunganishwa? Jibu NDIYO au HAPANA. Maelezo ya ziada (si lazima):


HAPANA.

Niliunganishwa na mtu wa mbolea. Mtu mwema simlaumu. Nawalaumu nyinyi na jina langu ni Somoe mkitaka kulijua.

Mlimwita mtoto kwenu. Mkamwambia karibu. Akafungua kinywa chake mkakifunga mkaleta mtu wa kusema eti yeye ndiye sauti yake. Kwetu hata mwizi akikamatwa huachwa aseme. Tangu siku ile mjukuu wangu ananiuliza amekosa nini na mimi sina mkono wa kumjibu. Mjibuni nyinyi. Kama hamjui kwa mikono andikeni nitamfikishia.

Mwakani msinunue mfumo. Msitafute mgeni. Waacheni tu watoto waonane nyuso na nyinyi mkae pembeni mnyamaze, mtaona wenyewe watakavyojuan


*Jibu lako halijatumwa. Simu ya video inaingia.*