Siku Tano za Mama Mbugua

Siku mbuzi watatu wa ntheo walipopandishwa tena kwenye pikapu mbele ya lango langu, wageni sitini wakiwa na sahani mikononi, niliapa aliyesababisha ataaibika mbele ya watu hivyo hivyo. Kwetu Ukambani mbuzi wa ntheo wakishafika kwa msichana, msichana ameposwa, hawarudi. Hao walirudi. Walirudi kwa sababu Keziah, jirani yangu ukuta kwa ukuta, tunayemwita Mama Mbugua, alimnong'oneza mama yake bwana harusi ati binti yangu Syokau ana mtoto amemficha kwa nyanya yake Machakos. Mtoto mwenyewe mpaka leo hajazaliwa.

Miaka miwili nilimsalimia Keziah vizuri sana. Hapa Kitengela adui yako ndiye mnayepanga naye mitungi lori la maji likifika, kwa hivyo unacheka, unangoja.

Basi mwezi wa tatu akainua gunia la viazi sokoni Kajiado, mgongo ukamkamata. Hospitali ya huko ikamdunga sindano, ikamrudisha na vidonge. Sisi akina mama tukaenda kumwona, kila mtu na mkate wake, na, kama tulivyozoea, kila mtu na kidonge chake kwenye pochi.

"Hii ilinisaidia goti."

"Chukua hii pia, ni kali."

Nakhumicha, ambaye habari zote za mtaa hupitia kwake, akamwachia shiti nzima ya diclofenac. Mimi niliacha mkate tu. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi ya kaki juu ya stuli: ketorolac, kimoja kila masaa sita, baada ya chakula, siku tano.

"Hizi ulipewa lini, Mama Mbugua?"

"Leo siku ya nane. Ziliisha, nikatuma Baba Mbugua na ganda kwa kemisti, akaongezwa zingine bila maneno. Zinafanya kazi hizo! Natembea kama msichana."

Dawa hiyo naijua. Ndugu yangu Kitheka alipopasuliwa goti alipewa hiyo hiyo, na nesi alituimbia mpaka nikakariri. Vinne kwa siku, usipite. Siku tano ukihesabu na sindano, usipite. Usimeze na tumbo tupu. Usichanganye na diclofenac, brufen wala aspirini, maana hao ni ndugu wa baba mmoja na wakikutana tumboni wanalichana. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje kesho.

Yote hayo yalinijia mdomoni. Nikayameza na chai.

Sitajifanya mtakatifu. Nilitoka pale mwepesi kama niliyeshushwa mzigo wa kuni.

Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni nageuza chapati, Nakhumicha akaingia bila hodi.

"Mama Syokau, nikuambie? Lakini usiseme."

"Mimi na kusema, wapi na wapi?"

"Mama Mbugua anaenda choo nyeusi tangu jana. Nyeusi ti! Anasema ni mboga ya managu alikula. Na kichwa inamzunguka, akisimama lazima ashike ukuta."

Chapati ikaungua.

Mwanamke huyo alikuwa anakufa, na sababu naijua mimi peke yangu. Nikaketi, nikayaona mazishi yake. Nikaona mchungaji akisema Keziah alikuwa mama mwema, nguzo ya kanisa, nami nimejifunga leso namenya viazi vya waombolezaji na kuitikia Amina. Angeingia kaburini na uongo wake mdomoni, na nani angemuuliza? Maiti haina aibu.

Nikazima gesi, nikavuka.

Kumbe kwake kumejaa. Akina mama wa kanisa, kumi na zaidi, macho wamefumba, wanamwombea. Vizuri. Sijawahi kupenda nyumba tupu.

"Keziah! Choo yako ni nyeusi tangu lini?"

Maombi yakakatika katikati ya neno.

"Shindwa!" akasema. Lakini midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nitashindwa baadaye. Hii ilikuwa ya siku tano, wewe uko siku ya tisa. Na zile za Nakhumicha umekunywa?"

Nakhumicha akaanza kutazama viatu vyake.

"Mama Syokau, unaniaibisha mbele ya watu."

"Bado sijaanza." Nikamwita jirani mwenye gari kupitia dirishani: "Mwololo! Leta Probox!"

Kwenye hospitali ya karibu, daktari alipouliza amekula nini, Keziah akasema ni managu tu. Nikamwaga mezani vyote nilivyobeba kutoka kwake: karatasi ya kaki, maganda, shiti ya diclofenac iliyobaki nusu. Daktari akahesabu, akamtazama, akaagiza damu iletwe haraka. Tumbo lilikuwa na kidonda na kidonda kilikuwa kinavuja.

Siku ya tatu nikamletea uji, saa ya wageni, wodi imefurika. Alikuwa ameketi.

"Mama Syokau, umeniokoa. Nikurudishie na nini?"

"Na simu."

Nilimpigia Mama Musila, yule mama wa bwana harusi aliyeondoka na mbuzi wake, kule Kajiado. Nikaweka spika, nikampa.

"Sema."

"Si hapa," akanong'ona. "Watu ni wengi."

"Kwangu walikuwa sitini."

Keziah akafumba macho. "Mama Musila... ile maneno ya mtoto wa Syokau. Hakuna mtoto. Nilitunga."

Sauti ikatoka kwenye simu: "Musila alishaoa, Keziah. Ako na mapacha."

"Tunajua," nikajibu mimi. "Hatukutaka bwana harusi." Nikakata.

Nikamimina uji. Keziah akauliza:

"Ile siku mlikuja, ulisoma karatasi yangu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Siku moja. Wewe ulinyamaza miaka miwili." Nikamsogezea kikombe. "Kunywa. Nesi analeta dawa, na wewe tena hutameza kitu na tumbo tupu mimi nikiwa hai."