Pete ya Dirishani

Kazi ya kukereza shaba niliipata kwa kushuka treni ya mizigo mahali nisipopajua. Ilikuwa jangwa la Mojave, kiangazi cha 1950, na karakana ilimtaka yeyote mwenye mikono. Kule Korea vifaru vilikuwa vinawasaga vijana wetu. Roketi za ndege zilivigonga na vyenyewe vikaendelea na safari. Tukaambiwa tutengeneze kichwa kipya cha roketi, chenye kikombe cha shaba ndani mfano wa faneli, ili kitoboe chuma. Ndege ya kuzipeleka ingeondoka Ijumaa.

Mkaguzi wetu alikuwa Verla Stoddard. Mdogo wake, Lyle, alikuwa huko huko Korea, handakini, kando ya barabara ya vifaru. Kila kikombe nilichokereza Verla alikijaribu kwenye pete ya chuma ya kupimia unene. Kikipita, kinakwenda kufungwa ndani ya kichwa cha roketi. Kikigoma, kinarudi kwangu pamoja na maneno.

Jumatano tukajaribu roketi mbili. Moja ilitoboa bamba la chuma. Ya pili ikalipaka masizi tu.

"Zitakwenda hivyo hivyo," akasema bosi, Tackett. "Nusu si haba. Na ndugu yako anazisubiri, mama."

"Anazisubiri, ndiyo. Hiyo nusu ya masizi ndiyo ya kwake?"

Tackett akakuna shingo. "Mpaka kesho jioni. Basi."

Verla alikuwa na desturi ya kutia chaki kila kikombe: cha asubuhi au cha mchana. Kilichotoboa kilikuwa cha asubuhi; cha masizi, cha mchana. Kesho yake akakaa nami kutwa, ananitazama mikono hadi nikaona haya. Mchana akanyoosha mkono kuchukua pete, akaruka.

"Lo! Nani kaiweka hii dirishani, juani?"

"Mimi. Isipotee kwenye takataka za shaba."

Akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya barafu, akaifuta, akachukua kikombe kilichopita dakika ile. Kikakwama.

"Ilivimba kwa joto," akasema taratibu. "Imepitisha vinene. Wakivisukuma ndani vinakaa upande, roketi haitoboi. Wewe wa treni, utaniulia mtu kwa unadhifu wako!"

Nilidhani nafukuzwa.

"Umesimama nini? Lete vyote."

Vichwa vya mchana tukaviweka kando. Tackett akaja, akaona masanduku machache.

"Ndege nzima kwa hivi?"

"Chagua vitatu mwenyewe, bosi. Vipige."

Akachagua. Vikatoboa vyote vitatu. Akavua kofia, akaivaa tena. "Pakieni."

Tangu siku hiyo pete ililala kivulini, kwenye mkebe wa chakula wa Verla, ubavuni mwa yai la kuchemsha. Septemba barua ya Lyle ikafika. Kifaru kilikuja hadi kwenye kona yao, ndege zikaja, kikaishia hapo. Sasa alikuwa anaanika soksi kwenye mzinga wake.

Verla aliisoma mara mbili, akaikunja, akafungua mkebe.

"Haya, wa treni. Lete kikombe."