Kilo Kumi na Tatu kwa Kila Mtu

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, mwaka elfu mbili, Kakule aliifuta mizani ya depo ya kahawa kwa kitambaa chenye mafuta, akaweka juu yake jiwe lake la kilo ishirini, akaona mshale umesimama pale unapopaswa kusimama, akaridhika. Nje, ukungu wa Butembo ulikuwa bado umeikalia mikaratusi, na wanawake wachambuzi wa kahawa walikuwa wamepanga mstari getini. Wengine walibeba vikapu mgongoni, vimeshikwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa huko wanavyobeba tangu zamani. Wengine walikuwa na mkanda tu. Nyuma yao hapakuwa na kikapu, lakini mkanda ulikuwa umekaza na kuzama kwenye ngozi ya paji, na mwenyewe alitembea ameinama, akitafuta pa kukanyaga.

Hilo halikumshangaza mtu. Vita ilikuwa imeingia mwaka wa nne, ukiihesabu na ile ya kwanza. Watu walikimbia kutoka pande za Beni, wakafika mjini mikono mitupu na migongo imejaa. Walipewa nafasi kwenye meza za kuchambulia, wakachambua huku wameinama, na gunia moja liliwachukua kutwa nzima.

Mama Agar alikuwa assistante sociale wa depo, yaani yule ambaye kazi yake ni shida za wafanyakazi. Enzi za mzee mwenye depo, kazi hiyo ilikuwa na vifaa. Kulikuwa na maziwa ya unga kwa mama aliyejifungua, blanketi kwa mgonjwa, na baiskeli ya kijani yenye kengele, ambayo Mama Agar aliipanda kwenda kuwaona watu majumbani. Ukisikia ile kengele kwenye kilima chenu, ulijua kuna mtu anaumwa na kwamba hajasahauliwa. Leo ukiwauliza watu wazima wa Butembo wanakumbuka nini cha siku zile, watakutajia kengele kabla ya kukutajia mzee mwenyewe. Vita ilipoanza upya, askari waliichukua baiskeli katika wiki ya kwanza. Maziwa yakaisha, blanketi zikaisha, mzee akafa, depo ikabaki kwa mwanawe, Patron Vagheni. Mama Agar akabaki na chumba kimoja, benchi, thermos ya chai na mikono yake miwili.

Kwa hiyo alifanya kile ambacho mikono miwili inaweza kufanya. Mzigo wa mgongoni hautuliwi na mtu peke yake. Lazima mwingine asimame nyuma aupokee, na anayeupokea haulizi ndani mna nini; ndivyo adabu ilivyo. Asubuhi wanawake waliingia mmoja mmoja, Mama Agar akasimama nyuma, akapokea, akashusha taratibu ukutani. Mwanamke alikunywa chai, akaongea au akanyamaza, kisha akaenda mezani amenyooka. Mizigo ilibaki pale, imepangwa. Haikuonekana, lakini mfagiaji aliizunguka kwa ufagio wake bila kukosea hata mmoja.

Jumatatu hiyo hiyo Patron Vagheni alimwita ofisini kwake.

"Mama Agar, mimi hapana mutu mubaya," alisema. "Mais bureau yako inakula nusu saa ya kila mama, kila siku. Donc unionyeshe faida yake. Na chiffres, hesabu ya kuandika. Mupaka mwisho wa mwezi."

"Na bila chiffres?"

"Bila chiffres, nitaweka humo magunia."

"Patron, batu banatokaka mule banapumua."

"Kupumua hapana chiffre, Mama."

Mama Agar hakukasirika. Alikuwa amemletea huyo huyo maziwa ya unga siku tatu baada ya kuzaliwa, na ni vigumu kumwogopa mtu uliyemkorogea maziwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Kakule.

"Kakule, mizani yako inaweza kupima mutu?"

Kakule alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kupima na baada ya kupima. "Inapimaka kahawa. Mutu naye iko na kilo, hapana?"

"Basi utanipimia bamama. Wakati ya kuingia na wakati ya kutoka."

Wakaanza kesho yake. Kavira, ambaye mume wake alikwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu akanyamaza huko, aliingia na kilo sabini na moja akatoka na hamsini na nane. Asma, mjane wa mfanyabiashara wa Beni, aliingia na sitini na sita akatoka na hamsini na nne. Kila jioni Kakule alirudisha jiwe lake kwenye mizani, na kila jioni lilikuwa kilo ishirini. Wanawake themanini na watatu walipimwa, na ukigawanya, kila mmoja aliacha chumbani kilo kumi na tatu. Tena waliokuwa wametua walimaliza gunia saa nane mchana.

Daftari la Mama Agar lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuingia, ya pili ya kutoka. Ya tatu aliianzisha mwenyewe, bila kutumwa. Kwa kuwa adabu ilimkataza kuuliza mzigo una nini, baada ya chai aliuliza kitu kingine: "Unaomba nini?" Na wanawake sitini na mmoja kati ya themanini na watatu waliomba kitu kimoja. Waliomba malori ya depo yabebe watu.

Malori hayo yalikwenda Mbau, mbele ya Beni, kuchukua kahawa, yakienda matupu na kurudi na magunia ambayo mtu anaweza kuyakalia. Vizuizini wenye bunduki waliyafungulia bila neno, maana Patron alikuwa amekwisha kuelewana nao. Waliokwenda kwa miguu hawakuwa na maelewano na mtu. Lakini kwenye mlango wa kila lori kulikuwa na maandishi meupe, PAS DE PASSAGERS, yaani hakuna abiria, na dereva aliyebeba mtu alipoteza kazi. Hata Idi, dereva kutoka Bungulu, alikuja chumbani siku moja akiwa na mkanda kwenye paji, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalifanyi. Aliacha kilo ishirini na mbili. Mama Agar alipomuuliza anaomba nini, alijibu kama wale sitini na mmoja, akaongeza, "Banainuaka mukono, Mama. Njia yote. Mimi napita tu."

Mtu mmoja tu hakutaka kutua. Alikuwa Débora, mwanamke mdogo wa umbo, aliyekuwa akilima Mbau. Siku waliyokimbia milio ya risasi, binti yake Joyeuse, mwenye miaka tisa, alikuwa amemshika kitenge. Lori la depo lilipita, Débora akainua mkono, lori likaenda. Mbele kidogo watu walitawanyika, na Débora alipotazama kitenge chake hakikuwa kimeshikwa. Kwenye mizani alikuwa kilo tisini na nne. Alichambua nusu gunia kwa siku, na Idi alimsalimia kila asubuhi bila kuinua macho.

Ombi la Débora, lilelile la malori, ndilo Mama Agar aliloliandika juu kabisa, mstari wa kwanza wa safu ya tatu. Aliamini mtu akisoma huo tu, inatosha. Siku ya mwisho ya mwezi, ambayo ilikuwa Ijumaa, alilifungua daftari mbele ya Patron.

Patron Vagheni alisoma kwa kidole. Kisha alisimama, akaenda chumbani, akainama, akajaribu kunyanyua mzigo mmoja wa ile isiyoonekana. Aliushusha haraka na kujipangusa mikono. Alitazama sakafu, ambayo ilikuwa imeshuka vidole viwili upande wa ukutani.

"Kilo kumi na tatu kwa kila mutu," alisema. "Ile njo chiffre. Bureau yako inabakia, Mama Agar. Nakupongeza kabisa."

"Aksanti, Patron."

"Na kama banakuwa bepesi hivi, kuanzia lundi kila mama atafanya gunia moja na nusu. Kakule atapima bote. Mwenye atabakia muzito, arudi kwake, juu bureau imeshindwa kumusaidia."

"Patron, iko colonne ya tatu."

"Nimeiona."

Hakuwa ameiona. Kidole chake kilikuwa kimeishia kwenye ya pili. Alifunga daftari, akalichukua, akaliweka kwenye kabati pamoja na vyeti vya ubora wa kahawa, ambako lilikaa vizuri kwa miaka mingi. Mama Agar alirudi chumbani kwake, akakaa kwenye benchi, akalia kidogo, kisha akasuuza vikombe. Chumba kilikuwa kimepona. Sasa ilibaki Débora, na kabla ya Jumatatu ilibaki siku moja ya kazi.

Jumamosi asubuhi alimkalisha.

"Débora, mwanangu, utule muzigo. Lundi batakufukuza."

"Nikitula, Joyeuse atanijua na nini?"

Mama Agar alimwonyesha nafasi tupu ukutani. "Itabakia hapa," alisema. "Siku utaiomba, utaipata. Nakuapia."

Wanawake wanne walisimama nyuma yake, na Kakule akashika upande. Waliushusha polepole. Mbao za sakafu zililia, vikombe vikagongana mezani, kisha kukatulia. Mkanda ulilegea ukamwangukia Débora mabegani. Mizani ilisema arobaini na saba. Kakule alileta jiwe lake la kilo ishirini, akalipima, akaandika arobaini na saba. Siku hiyo Débora alichambua gunia moja na nusu, na aliongea mezani, hata akacheka mara moja kwa jambo alilolisema Kavira.

Saa kumi, geti likifungwa, alirudi chumbani.

"Mama Agar, kesho ni dimanche. Naomba yangu."

Mama Agar alikuwa ameapa. Aliwaita wale wanne, wakamtwika. Débora alirekebisha mkanda kwenye paji na kwenda zake ameinama, mpaka kule njia ya Beni inapoingilia mjini, ambako watu wanaofika huonekana kutoka mbali. Alikaa huko Jumapili nzima baada ya misa. Jumatatu alfajiri alikuwa getini, akaurudisha, akapanda mizani akiwa na arobaini na saba.

Jumamosi iliyofuata Kavira naye aliomba wake. Asma aliuchukua Ijumaa kwa ajili ya sala, akaurudisha baada ya sala. Kabla ya mvua za mwezi wa tisa karibu wote walikuwa wanatwishana Jumamosi jioni, wakitaniana ni wa nani mzito zaidi, na mstari ulitoka getini umeinama kama ulivyoingia zamani. Taarifa ya kila mwezi ilihusu siku za kazi tu, na siku za kazi faida ilikuwa ileile, kilo kumi na tatu. Patron aliionyesha kwa wageni.

Leo depo haipo tena. Jengo ni duka la magodoro, na Mama Agar amelala makaburini upande wa juu, penye mikaratusi. Ukuta mmoja wa duka hauegemezwi godoro. Mwenye duka hajui sababu, ameona tu kwamba hayakai. Jumapili baada ya misa huja wanawake watatu au wanne, wazee sasa. Wanaomba ruhusa, wanainama pale ukutani, wanagusa, wanahakikisha, wanaulizana habari za watoto. Mmoja akisema amesikia kengele ya baiskeli huko nje, hakuna anayebisha. Kisha wanasaidiana kumtwika Débora, ambaye bado huchukua wake, na kumsindikiza mpaka kona.

Malori ya kahawa bado huenda Mbau matupu. Mwenyewe ni mwingine, na madereva ni vijana. Jumapili iliyopita moja lilipita pale njia ya Beni inapoanzia, na Débora akainua mkono. Dereva alimpigia honi kwa heshima, akapunguza mwendo asimrushie vumbi, akapita. Herufi nyeupe za mlangoni zilikuwa zimepakwa rangi upya.