Orodha Isiyo na Hadado

Saa mbili asubuhi Hamdi alivua kitambaa kilichofunika kompyuta, akakikung'uta mlangoni, kisha akafungua tumbo la kipanya akatoa gololi yake na kuifuta kwa ncha ya shungi. Mwaka huo wa 1996 vumbi la Garissa liliingia hata ndani ya saa za mkononi, na kipanya kikishakula vumbi, mshale kwenye skrini huruka kokote upendako na usikopenda. Nje, foleni ya watu wa vipande, yaani vitambulisho, ilikuwa imeshafika kwenye duka la magodoro.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaandika jina, unaandika mwaka, kisha unafika kwenye kisanduku cha Mahali Anapotoka, na hapo ndipo penye shughuli. Hicho hakiandikiki. Ukikibofya, orodha ya majina inateremka, nayo huonyesha majina sita tu. Yaliyobaki sharti uyafuate kidole kikiwa kimebana kipanya, na kidole kikiteleza, orodha inajifunga na jina lililokuwa chini ya mshale ndilo linaloingia. Kwa hiyo makarani walizoea kubonyeza herufi ya kwanza tu. Kwenye H palikuwa na jina moja, la kambi ya Hagadera, kwani kompyuta hiyo ilianza kwa kuandikisha wakimbizi kambini kabla ya kuletwa mjini. Hadado, kijiji cha wafugaji walikotoka wengi wa foleni, haikuwemo. Na kisanduku hakikubali kuachwa kitupu.

"Bonyeza H, foleni iende," alisema bosi wake, Mzee Kulow, mtu mpole aliyebakisha miezi mitatu astaafu. Barua ya kuomba Hadado iongezwe ilikuwa imeshapelekwa Nairobi mara mbili.

Hamdi akabonyeza H. Wa kwanza alikuwa Yarow, mfuga ngamia wa Hadado. Alipoinuka kitini, makubazi yake yalikuwa na mchanga wa Hagadera, na mkononi ameshika kadi ya chakula iliyochakaa, yenye matundu ya mgao wa miaka minne. Alitoka akapanda lori la kambini bila kuuliza njia. Kule majirani walimpokea kwa ugomvi uleule wa zamu ya bomba walioukatiza jana yake. Mkewe wa Hadado, alipoulizwa, alisema hajawahi kuolewa, akaendelea kukamua. Kufikia mwezi wa sita watu thelathini na mmoja walikuwa wamekwenda hivyo, na Hadado nyumba zao zilianza kujikunja zenyewe alfajiri, mikeka na fito zikijipanga kando ya njia zikingoja ngamia wa kuzibeba. Wapita njia walizikwepa tu, kila mtu na safari yake.

Hamdi aliyajua yote haya. Hakuyapenda hata kidogo, na kila jioni alinawa mikono mara saba.

Jumanne moja akaja mama yake. Ardo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari wa Nairobi alikuwa amekubali kumpasua Alhamisi, ila kwenye daraja la Tana askari hamvushi mtu asiye na kipande. Aliketi, akanyoosha mkono akapapasa uso wa bintiye, kisha akauacha mkono begani kwake.

"Hooyo, umekonda," alisema. Kwao mama humwita mtoto hooyo, yaani mama, na mtoto humwita mama vivyo hivyo.

"Nimekula leo, hooyo."

"Haya, niandike nivuke. Nataka nikuone vizuri kabla sijafa. Sasa hivi wewe ni sauti na kitambaa."

"Nitakuandika Garissa."

"Mimi ni mtu wa Hadado. Andika Hadado."

"Hadado haimo."

Ardo alifikiri kidogo. "Garissa, basi. Maji yake nimeyanywa."

Hamdi alikuwa ameiwazia hila hiyo wiki nzima. Akabofya, akabana, akateremsha polepole, akaachilia. Garissa. Akalisoma mara tatu. Kisha akabonyeza kitufe cha mshale wa chini ili ashuke penye Hifadhi. Kumbe orodha, ingawa imeshajifunga, ilikuwa bado imeshika kibodi, wala hapakuwa na alama yoyote ya kumwambia hivyo. Kilichoshuka ni jina. Chini ya Garissa, kwa kuwa mji wa Habaswein nao haukuwemo, palikuwa na Hagadera. Macho ya Hamdi yalikuwa yameshatangulia penye Hifadhi, na kidole kikafuata, kikahifadhi.

Alijua kwa ule mkono. Kiganja cha mama yake kiliondoka begani kwa adabu, kama cha mtu aliyegundua amemshika mgeni.

"Samahani, abaayo," Ardo alisema, akimwita dada kwa lafudhi ya watu wa Kismayu. "Lori la Hagadera linapakia wapi?"

Hamdi alijaribu kurudi nyuma. Kompyuta ikasema kilichohifadhiwa hurekebishwa Nairobi tu. Mzee Kulow akaja, akasoma skrini, akavua kofia, akaivaa tena.

"Pole sana," alisema. "Wangapi wamebaki nje?"

Hamdi alimshika mama yake mkono hadi kwenye lori. Alilia njia nzima, kwa uchungu wote aliokuwa nao, na watu wa foleni walisogea pembeni wampe nafasi alie vizuri.

Ijumaa alikwenda Hagadera na maziwa ya ngamia. Ardo alimkaribisha mkekani, akamshukuru kama mtu anavyomshukuru karani.

"Nilikuwa na binti," alisema. "Alitupotea njiani, mwaka wa vita. Hamdi, jina lake."

"Nipapase uso," Hamdi alimwambia.

Ardo akapapasa paji, mashavu, kidevu, bila haraka.

"Hapana," alisema. "Yule wangu alikuwa amenenepa."

Jumatatu barua ya Nairobi ilikuwa mezani. Orodha ilikuwa imekaguliwa na kuonekana imekamilika. Hamdi aliifuta gololi, akairudisha mahali pake, akamwita wa kwanza, mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

"Unatoka wapi?"

"Hadado."

Hamdi akabonyeza H.