Nyuzi za Mtu Mwingine

Wako watu wasemao kwamba wivu ni ugonjwa wa vijana. Hao hawajawahi kuketi karibu na wapiga obokano wawili waliozeeka. Mzee Nyabuto wa Masimba na Mzee Machogu wa Magwagwa walioneana kijicho tangu enzi za harusi za zamani, kila mmoja na kinubi chake kikubwa cha nyuzi nane, na mpaka leo ukitaja jina la mmoja mbele ya mwingine, mazungumzo hukatika.

Kwa hiyo Mokua, mwenye duka pale stendi ya Masimba, alijua vizuri alichokuwa akifanya.

"Mzee, mjukuu wako amekuhama?"

"Amehamia wapi?"

"Aa, mimi si wa kusema. Nilikuwa Magwagwa kutafuta ndizi. Nikamwona Kwamboka uani kwa Machogu, amevaa yale madude ya masikioni, anamshikia mzee kipaza sauti kama mtu anayelisha mtoto uji."

Nyabuto aliondoka bila sukari aliyokuja kununua.

Kwamboka alikuwa amelelewa na yeye. Alipomaliza kidato cha nne alisema anataka kazi ya muziki, na babu yake alifurahi mno, maana alikwisha kumpangia: msichana mbele, obokano mapajani, na nyuma yake Nyabuto mwenyewe akiitikia. Lakini msichana alizunguka mwaka mzima akiulizia kazi nyingine. Alikwenda kwa DJ wa Kisii mjini, akarudi akisema kule ni kelele. Alimfuata meneja wa kwaya moja, akarudi akisema kazi ya meneja ni kuwapigia simu watu wasiopokea. Mwisho akaingia studio ya Zaki kule Ogembo, na hakurudi na lawama yoyote.

"Sokoro," alimwambia, kwa jina lile ambalo wajukuu huwaita babu zao huku kwetu, "mimi sitaki kusimama mbele. Nataka kuwa fundi wa sauti. Nataka kusikiliza."

"Kusikiliza ni kazi? Hata ng'ombe husikiliza."

"Ng'ombe hawezi kukwambia uzi wako wa tatu umelegea."

Ulikuwa umelegea kweli. Nyabuto alicheka, akakubali. Zaki alikuwa ameahidi kumwandika kazi iwapo angeleta wimbo mmoja mzima aliourekodi mwenyewe, wimbo wa kumfanya mteja asimame mlangoni. Nyabuto hakuuliza ungekuwa wimbo wa nani. Alianza kufanya mazoezi kila jioni baada ya kutoka kwenye majani chai, akawa hata anakunywa maji ya moto yenye asali kulainisha koo.

Na sasa, Machogu!

Jioni ile alimngoja msichana amalize kula.

"Nasikia umepata mzee mwingine."

Kwamboka hakujifanya haelewi. "Tunarekodi Ijumaa."

"Machogu anaimba kama chura aliyekanyagwa. Wewe mwenyewe umenisikia nikisema."

"Nimekusikia tangu nikiwa mtoto. Ndiyo maana nilikwenda kumsikia mwenyewe."

"Na mimi?"

"Nikikusikiliza wewe, Sokoro, sisikii obokano. Nasikia nyumbani. Hata ukikosea napenda. Sasa fundi gani huyo?"

Maneno hayo mtu mwingine angeyachukua kama zawadi. Nyabuto aliyachukua kama mlango uliofungwa usoni pake. Alilala akiwa ameugeukia ukuta.

Ijumaa aliufunga obokano wake kwa shuka safi, akaubeba hadi Ogembo. Mtu akimuuliza anakwenda wapi, angesema anapeleka ngozi ya kinubi ikatazamwe. Hakuna aliyemuuliza.

Studio ya Zaki ilikuwa chumba nyuma ya duka la vitambaa la mama yake, kuta zimevikwa magodoro. Nyabuto alipoingia alikuta watu watatu wametulia kama waliofiwa. Mvua ilikuwa imemkamata Machogu njiani. Ngozi ya obokano wake ilikuwa imelowa ikalegea, na ingawa walikuwa wameikausha kwa joto la jiko, nyuzi zote zilikuwa zimepotea njia. Vidole vya Machogu vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Siku hizi hukaziwa nyuzi na mwanawe, na mwanawe alikuwa amebaki Magwagwa. Kwamboka alikuwa amejaribu mpaka viganja vimekuwa vyekundu.

"Anafunga kwa kushoto," alisema akimtazama babu yake, bila hata kuuliza amekuja kufanya nini. "Kila nikikaza, zinateleza."

Zaki aliutazama mzigo ule wa shuka. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye kofia ya kushonwa na simu mbili.

"Mzee, hiyo ni obokano? Iko fiti? Basi si shida imeisha! Tumrekodi huyu. Kwamboka, songa mic."

Mkono wa Nyabuto ulikuwa tayari kwenye fundo la shuka.

"Hapana," alisema Kwamboka.

"Hapana nini? Nina mteja saa nane."

"Kazi niliyoleta ni ya Mzee Machogu. Asipoimba yeye, sina kazi ya kukuonyesha."

"Basi apige hii ya huyu mzee."

Machogu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake, aliinua kichwa. Hakuwahi kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. "Kijana, obokano ya mtu ni kama bibi yake. Mimi nashika bibi ya Nyabuto namna gani, na yeye anaangalia?"

Zaki alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hilo nalo lilimchoma Nyabuto. Yeye alikisoma Kiswahili kwenye madarasa ya ngumbaru, usiku baada ya usiku, na hakuna kijana yeyote wa mjini aliyewahi kuchekeshwa na sentensi zake.

"Sokoro," Kwamboka alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unajua fundo lake. Mlipiga harusi pamoja. Nisaidie."

Angeweza kusema macho hayaoni vizuri. Angeweza kusema viganja vinauma. Saa nane ingefika, mteja angeingia, na Machogu angerudi Magwagwa na ngozi yake yenye harufu ya moshi. Lakini pia Kwamboka angerudi Masimba bila kazi, na Nyabuto alimwona jinsi alivyokuwa amevificha nyuma vile viganja vyekundu. Akavua koti.

Alizikaza moja baada ya nyingine, akizungusha kwa kushoto, akigonga na kusikiliza. Kazi ilikwenda upesi. Alipomaliza alipiga nyuzi zote nane kwa mpigo na chumba kikanguruma. Zaki akaweka mkono kifuani.

Machogu akaanza. Mstari wa kwanza ulipanda, sauti ikamkatika. Akakohoa, akaanza tena, ikakatika pale pale.

"Ameiharibu?" Zaki alimnong'oneza Kwamboka, lakini si kwa sauti ya chini vya kutosha.

Kwamboka alivua vile vya masikioni. "Sokoro, huo ni wako. Umeukaza kwa sauti yako."

Ilikuwa kweli. Mpiga obokano hukaza nyuzi kulingana na koo lake, wala si kwa kipimo kingine, na mikono ya Nyabuto ilikuwa imehudumia koo moja maisha yake yote. Kibaya zaidi, hakuwa amekusudia. Kama angekusudia, angalau angeona fahari kidogo.

"Nyabuto, mimi si mwanamke," Machogu alisema. "Unanipandisha huko juu nikafanye nini?"

"Wewe imba polepole," Nyabuto alijibu kwa ukali. "Imba bila nyuzi. Nisikie."

"Siwezi kuimba kwa nguvu mara nyingi. Pumzi imebaki kidogo."

"Basi guna."

Akainama, akaweka sikio lake karibu na mdomo wa mtu ambaye hakuwa amewahi kumsogelea hivyo. Machogu akaguna. Sauti ilikuwa nzito, chini kabisa, yenye mkwaruzo pembeni kama jiwe la kusagia. Nyabuto alikuwa ameisikia kwa miaka mingi kutoka upande wa pili wa uwanja, akiwa anatafuta makosa. Kwa karibu hivi hayakuwapo. Alilegeza uzi wa kwanza mpaka ukakaa ndani ya mguno ule, kisha wa pili. Kila uzi uliokubali ulimuuma.

Kwamboka na Zaki wakaingia sehemu ya mitambo nyuma ya kioo, wakafunga mlango. Nyabuto hakupata nafasi ya kutoka. Akabaki kwenye kona, amezuiwa kusogea.

Machogu aliimba wimbo wa kumsifu mama aliyelima peke yake, na obokano ukamfuata chini kwa chini. Nyuma ya kioo, Kwamboka alikuwa amefumba macho, mkono mmoja juu ya vitufe, kichwa kimeinama kidogo. Nyabuto alimtazama. Hakuwa amewahi kumwona akimsikiliza mtu namna ile, na mtu huyo hakuwa yeye.

Hapo ndipo koo lilipoanza kumwasha. Moshi wa jiko, pengine. Alijua pumzi ya Machogu isingefika mara ya pili. Kikohozi kimoja tu, cha mzee, cha bahati mbaya, nani angemlaumu? Kiliongezeka. Machozi yakamtoka. Akaingiza mkono wa koti mdomoni, akauma kitambaa kwa meno yaliyobaki, mabega yakitetemeka, mpaka uzi wa mwisho ulipokoma kulia na Kwamboka akainua kidole.

Ndipo akakohoa, akakohoa hadi akashikilia ukuta.

Zaki aliingia na simu zake zote mbili zikiwa zimesahaulika mfukoni. "Kwamboka, Jumatatu njoo asubuhi. Leta kitambulisho." Kisha akampa Machogu mikono yote miwili.

Msichana alikuja moja kwa moja kwa babu yake. Alimfuta machozi kwa ncha ya leso yake, akatazama mkono wa koti ulioloa mate, akaukunja vizuri.

Machogu alikuwa anahema kigodani, jasho likimtoka, anang'aa kama bwana harusi.

"Sema ukweli, mwenzangu. Niliimba aje?"

Nyabuto alichukua mzigo wake wa shuka, akauweka begani.

"Nyuzi," alisema, "zilikuwa zimekaa vizuri sana."