Hodi ya Tatu

Birgit aliteleza jikoni asubuhi, sufuria ya maharage mkononi, na alipotua sakafuni alisikia mfupa wa nyonga ukivunjika. Papo hapo alijua hatasimama tena bila kuinuliwa na watu.

Yeye na mumewe Henrik walitoka Denmaki wakiwa vijana, wakaja Mikindani kuchimba visima, na uzee ukawakuta hapo hapo. Watoto wao waliwasihi warudi. Birgit alikataa katakata. Kwao, alisema, mzee hufa peke yake ghorofani, jirani akajua kwa harufu. Mikindani huwezi kukohoa mara mbili bila kuulizwa hali. Hicho ndicho kilichowaweka, wala si bahari.

"Henrik, simu iko juu kitandani. Niletee."

Mzee alipanda ngazi kwa utiifu, akashuka na kiatu.

Akili ilianza kumtoroka mwaka juzi. Siku moja alimfungulia shehe wa mtaa mlango akiwa na shati tu, chini hana kitu, na Birgit aliona aibu ambayo haikumtoka tena. Basi akaamua kumficha. Mwanakombo, jirani yao, alipoleta wali wa nazi, sahani ilipokelewa mlangoni, na mlango ukafungwa. Kisha akamkalisha mumewe kila siku baada ya chai na kumfundisha sentensi moja: mtu akibisha, sema, "Asante, leo hatupokei wageni." Maneno ya jeuri hasa, katika mji ambao milango haifungwi mchana. Watu walinung'unika kidogo, halafu, kwa uungwana wao, wakawaacha.

Sasa Birgit aliita hadi sauti ikamkauka. Kuta za mawe zile nene, alizozipenda kwa ubaridi wake, hazikupitisha kitu. Adhuhuri ilipita.

"Hodi." Alikuwa Mwanakombo. "Hodi wenyewe."

Moyo ulimruka Birgit. Akibisha mara ya tatu asijibiwe, ataondoka. Ndivyo watu wenye adabu wanavyofanya. Alimshika Henrik mguu wa suruali.

"Nenda ukafungue. Mwambie aingie. Sema, aingie."

"Aingie," alirudia Henrik.

"Hodi," ilikuja ya tatu.

Alikwenda akijisemea njia nzima, aingie, aingie, na Birgit, ambaye hakuwa mtu wa dini, alimwomba Mungu wa kila mtu. Kitasa kililia.

"Shikamoo baba. Mama hajambo? Leo sijamwona kabisa, nimeingiwa na wasiwasi."

Birgit alifumbua kinywa, ikatoka pumzi tu.

"Asante," alisema Henrik kwa sauti safi, yenye furaha. "Leo hatupokei wageni."

"Haya baba. Mpe salamu zangu."

Mlango ulifungwa. Kupitia dirisha Birgit alimsikia Mwanakombo akiwakemea wanaume waliokuja alasiri kucheza bao barazani. "Hebu hamieni kule mbele. Wazee wa watu hawataki kelele." Kete zilikusanywa, kanzu zikaburuta mchanga, na baraza likabaki tupu.

Henrik alirudi uso umemng'aa.

"Nimesema vizuri?"

Birgit alimtazama kwa hofu na kwa mapenzi, vyote pamoja, asijue kipi kinamuuma zaidi.

"Umesema vizuri sana," alinong'ona.

Mzee akaketi sakafuni kando yake, akaokota kile kiatu, akaanza kumvisha.