Aanze Baba wa Binti

Kiabakari nzima ilijua kunywa kwa Mseti. Yeye peke yake ndiye aliyedhani ni siri. Fundi mwashi hodari kweli, lakini gongo ikishapanda kichwani, jamani, ukuta na fundi vyote vinapinda. Aliwahi kulala ndani ya shimo la choo alilokuwa analijengea mwenyewe, na asubuhi akamlaumu mwenye nyumba kwa kutoweka taa.

Baada ya Pasaka alizimika barabarani, akapelekwa hospitali Musoma. Nesi mmoja akamwambia ini limechoka, halafu akamwelekeza: Bunda, nyuma ya kanisa, kila Jumamosi alasiri hukutana walevi walioacha na wanaotaka kuacha. Mseti alishukuru huku ameshaamua haendi. Yeye akakae na walevi? Thubutu!

Aliyemtoa nyumbani ni binti yake Judith. Alimwambia kwamba wazee wa mchumba wake Masanja watakuja kuzungumza mahari baada ya mavuno. Hakumgombeza wala hakulia. Alisema tu, "Baba, siku hiyo naomba usimame mwenyewe."

Basi akaoga, akanyoosha shati, akaaga kwamba anakwenda kukagua kiwanja Bunda. Jumamosi ya kwanza alilipita kanisa, akanunua muhindi wa kuchoma, akarudi nao kwake. Iliyofuata akaingia. Aliwakuta watu wachache kwenye viti vya plastiki, na chai ya tangawizi. Aliyewaongoza ni Eunice, mama aliyekuwa akipika gongo Nyamuswa, na aliionja mpaka ikampika yeye. Sasa anauza maandazi palepale, na wateja wake wa zamani wanampitia kila siku wakimtania. Hao ndio majasiri, msiniambie habari za wawinda simba. Kila mtu alitaja jina na ugonjwa wake. Mseti alisubiri wamcheke, hawakumcheka, naye akalia kama mtoto.

Huko nyumbani mkewe Hyasinta alikuwa anapiga hesabu nyingine. Mume anaoga, ananukia sabuni, Jumamosi, Bunda! Mwanamke gani angenyamaza? Siku moja akamfuata kwa bodaboda, kitenge kimefungwa kivita, akausukuma mlango. Akamkuta mumewe anawaeleza watu jinsi alivyokuwa akiiba kuku wa mkewe kwenda kunywea. Hyasinta akatafuta kiti nyuma, akakaa. Tangu hapo wakawa wanakwenda wote.

Mavuno yakaisha, wageni wakafika. Nyumba ilikuwa imefagiliwa ikang'aa, ila kaka mkubwa wa Mseti, Mniko, alikuwa amekuja na chungu cha pombe ya mtama bila kuuliza mtu. Kwake yeye kikao cha mahari bila chungu ni mkutano wa shule. Mirija ikachomekwa, wazee wakazunguka, na desturi ya kwao ni moja: aanze baba wa binti, ili wakwe wajue moyo wake ni mweupe na chungu hakina neno. Asipoanza, amewakataa.

Mniko akamnong'oneza mdogo wake aseme yuko kwenye dozi ya malaria. Ni uongo mzuri, unakubalika kila mahali, ila dozi ina mwisho wake, na wakwe wangerudi na chungu kingine. Harufu ya mtama ilimpanda Mseti mpaka mate yakamjaa mdomoni. Alijua fika kwamba akinywa funda moja anarudi shimoni, na akikataa huenda Judith, aliyekuwa nyuma ya pazia, akakosa mume. Mficha uchi hazai. Akasimama.

"Wazee wangu, mimi ni mlevi. Nilikuwaga nakunywa mpaka naiba kuku wa mke wangu. Nimeacha, na mrija huu nikiugusa narudi kulekule. Kama hilo ni kosa, liwe kwangu. Binti yangu hana kosa."

Mniko aliinamisha kichwa kwa aibu, na Hyasinta alishika fremu ya mlango. Mzee Magige, baba yake Masanja, alimtazama Mseti, kisha akamwonyesha wanaume wawili wenye vifua vipana waliokaa karibu na mlango.

"Mkwe, habari za kulewa kwako tulizisikia kabla hatujatoka Nyamuswa. Wengine walisema tusije. Mimi nikasema binti ni mzuri, tutakuja. Unawaona wadogo zangu hawa? Niliwaleta wakubebe wakuingize ndani ukianguka, ili binti asiaibike mbele za watu. Habari za kuacha ndiyo kwanza tunazisikia leo."

Akauchomoa mrija wake chunguni, akaulaza chini. Wadogo zake wakatazamana, nao wakafanya vilevile. Mzee akauliza kama ndani kuna uji.

Ulikuwepo. Hyasinta aliuleta mwenyewe kwenye kibuyu. Mseti alianza, akanywa mbele ya wakwe zake huku machozi yanamtiririka wala hayafuti, kisha akampa mzee Magige, naye mzee akakipokea kibuyu kwa mikono miwili.